Bi Pudensiana Anaondoka, Chumba cha Mazoezi Hakiondoki

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuwasimamisha watu waliokwisha kulala, Bi Pudensiana Kokugonza, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali yetu hapa Tarime vijijini, anastaafu rasmi Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Alifika mwaka 1991 akiwa na sanduku la bati na sauti. Sanduku lilishaoza. Sauti mtaisikia leo akianza kushukuru, na walio karibu na spika wasogee mapema.

Katibu wa hospitali, Ndugu Zablon, ndiye aliyeniomba niandike wasifu huu wa kuchangamsha ratiba ya sherehe. Aliniambia, "Mzee Mseti, weka vya kufurahisha, usilete maneno." Maneno nimeyaleta. Mtu akimwomba seremala aliyeishia darasa la nne aandike, ajue atapewa ubao usiopigwa randa. Na nina hasira, basi niiseme mwanzoni ili pilau lisiharibike: Bi Pudensiana akishaondoka, chumba chake cha mazoezi kimepangiwa kuwa stoo ya vitanda vibovu na lile jenereta lililokufa. Wa kumrithi hajaletwa. Wagonjwa wanaojifunza upya kutembea mle ndani wameambiwa wakasubiri nyumbani. Wakasubiri! Kama vile msuli ni abiria wa basi.

Lakini tuanze na mwenyewe. Bi Pudensiana ni mtu wa Karagwe, alisomea kazi yake Moshi, akapangiwa kwetu bila kuulizwa. Sisi tulikubaliana kwamba hatafika mvua za vuli. Msichana wa ndizi ataishije na watu wa ugali wa mtama? Siku ya pili tu akaja kwenye karakana yangu ya hapa hospitali, hana hata salamu ndefu, akasema, "Fundi, nataka mihimili miwili ya mbao, iende sambamba kama njia ya kuogeshea ng'ombe, mtu apite katikati ameshikilia."

Nikamwuliza ng'ombe wake wako wapi.

"Ng'ombe wangu ndio nyie," akasema.

Nikampenda hapohapo, kama mtu anavyopenda pilipili. Nikatengeneza mihimili, nikaichimbia kwenye kile kilichokuwa chumba cha kufulia mashuka, na hapo ndipo kazi yake ilipoanzia. Miaka yote hii wamepita katikati ya mbao zile watu wa mapanga, watu wa mishale ya ugomvi wa mipaka, vijana wa machimboni waliofunikwa na kifusi, abiria wa bodaboda, na akina mama waliopigwa kiharusi wakiwa jikoni. Wote walikutana na neno moja: "Simama!" Kuanzia Sirari mpaka Kenyamonta anaitwa Mama Simama, na wapo watoto wanaodhani ndilo jina la ubatizo.

Alikuwa anaogopwa kuliko sindano. Baba mmoja wa Susuni, mkali sana nyumbani kwake, alijifungia chooni siku ya mazoezi. Bi Pudensiana alivuta kiti akakaa nje ya mlango, akaanza kuimba. Wanaomjua kwenye kwaya ya hapa wanaelewa kilichofuata. Yule mzee alitoka mwenyewe, amejishika ukutani, anasema, "Nakuja, nakuja, nyamaza tu." Na hatua zake za kwanza baada ya ajali ndizo hizo, za kuukimbia wimbo.

Basi miaka michache iliyopita alikwenda Moshi kwenye semina, akarudi macho yanawaka. Alituita watumishi wote. Akasema pembeni mwa kila uzi wa msuli, ndani ya ngozi nyembamba inayoufunika, kuna seli zimelala. Seli shina za msuli. Zinaweza kulala miaka. Msuli ukichanika, zinaamka, zinazaana. Nyingine zinaungana na uzi uliochanika na kuukarabati, na nyingine zinarudi kulala, ili kesho ukiumia tena pawepo wa kuamka. Mimi nikasema hiyo naijua, ni yowe la ng'ombe walioibiwa: kijiji kizima kinaamka, vijana wanakimbilia huko, lakini wapo wanaoamriwa wabaki nyumbani. Akasema, "Kwa mara ya kwanza Mzee Mseti amesema kitu." Nilifurahi, kisha nikaanza kufikiria hilo neno "kwa mara ya kwanza".

Kilichomchanganya kila mtu ni jinsi seli zinavyojua la kufanya. Alisema maelekezo ya urithi tuliyopewa na baba na mama yamo yote katika kila seli, hayabadiliki, ila juu yake kunawekwa vialama vidogo vya kemia. Alama nyingine zinasema hapa pasomwe, nyingine hapa pafunikwe. Seli iliyolala imefunikwa sehemu za kujenga. Ikiitwa kazini, alama zinahamishwa, sehemu zile zinafunguka. Manesi wakawa wanatazamana. Mimi nikaenda karakana nikaleta ubao na chaki. Nikachora mstari: hapa kata. Nikachora msalaba: hapa usiguse. Nikafuta, nikachora kwingine. Ubao ni uleule, mti ni uleule, lakini mara utakuwa mguu wa meza, mara utakuwa kizingiti. "Ndiyo hiyo!" akapiga kelele, na ubao wangu akauchukua akaenda nao kila mahali, hajaurudisha mpaka leo.

Alifundisha wodini, alifundisha mnadani, alifundisha kanisani baada ya matangazo mpaka padre akakohoa. Alikuwa mwangalifu kusema kwamba wanasayansi bado wanachunguza mengi. Alisema uzee unachafua hizo alama, kisukari pia, njaa pia, na inaelekea msuli uliowahi kufanya kazi unabaki na kumbukumbu yake, ukirudishwa kazini unashika upesi. Lakini watu wa hapa wanapofundishwa wanabeba kile kipande wanachokipenda. Walichobeba ni kimoja: zimelala.

Hapo ndipo anapoingia Nashoni wa Kenyamonta. Kijana huyu alipigwa pembe ya paja na fahali wa kulimia. Nyumbani wanasimulia kuwa alikuwa nyati. Mimi namjua yule mnyama, amefungwa jembe mpaka leo, ila kila msimulizi akimaliza anazidi kuota ukali. Nashoni alishonwa hapa, akashonwa vizuri, akaruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo ya mazoezi na tarehe ya kurudi. Hakurudi. Tarehe ikapita na nyingine ikapita. Bi Pudensiana akakodi pikipiki mbili, moja yake, moja yangu, maana alitaka nikapime magongo.

Tulimkuta Nashoni nyumba kubwa, kitanda kimesogezwa karibu na moto, blanketi mpaka kidevuni, amenenepa usoni kama mwenyekiti. Mama yake, Bernadetha, alikuwa amemwekea kila kitu kwa mkono wake: maziwa ya mgando, supu ya kuku, uji. Wageni wanaingia na kutoka. Mnajua desturi zetu. Kwetu aliyeumia anaheshimiwa kwa kulazwa, na mama ambaye mwanawe ataonekana ameshika jembe kabla watu hawajamaliza kuja kumpa pole, atasemwa kisimani kwamba hana huruma. Bernadetha hakutaka kusemwa. Basi kijana alilala mpaka mahindi yakapandwa, yakapaliliwa, yakavunwa.

Bi Pudensiana alifunua blanketi. Paja moja lilikuwa paja. La pili lilikuwa mpini wa jembe.

"Mama, huyu umemuuguza au umemzika nusu?" akauliza.

Bernadetha hakutetereka. "Daktari, si ndiyo ulivyosema wewe?"

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema kanisani seli zimelala. Na mkono ukauweka shavuni hivi. Basi tumempa za kuziamsha." Akatoa chini ya mto kopo la vidonge, lina picha ya mwanamume mwenye misuli kama magunia ya viazi. "Zimetoka Sirari. Aliyetuuzia alisema mgonjwa asijisumbue mpaka ziamke zenyewe."

Bi Pudensiana alikaa kwenye kigoda. Nikadhani ataimba. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tena, "Mama Nashoni, zinaamshwa na jeraha lenyewe, na zinalelewa na kazi na chakula. Chakula umempa. Kazi umemnyima. Kila siku akilala hapa, mguu unaambiwa hakuna kazi, punguzeni, fungeni. Na wenyewe unasikia kuliko kijana wako."

"Kwa hiyo nimemfanyia vibaya?"

"Umempenda ukiwa umekaa. Sasa mpende ukiwa umesimama."

Nashoni kule kitandani akasema, "Mimi niko sawa tu, Daktari, supu ni nzuri." Wote wawili walimgeukia kwa pamoja, na nikamwonea huruma.

Kesho yake aliletwa hospitali, na Bi Pudensiana akapanda gari kwenda Sirari. Hakwenda peke yake, nilimsindikiza ili pawepo shahidi. Muuza vidonge, jina lake Elia, alikuwa na meza yake karibu na ofisi za mawakala wa forodha, spika inapiga kelele, na Kiswahili chake kimevuka mpaka kutoka Isebania ya Kenya bila kugongwa muhuri.

"Karibu mathe," akasema. "Hii ni sayansi, si mchezo. Inaingia kwa damu, inatafuta zile seli zenye zimelala, inaziamsha."

"Inazijuaje zilizolala?"

"Inazijua tu, mathe."

"Na ikishaziamsha, inazipa kazi gani?"

Elia akatazama kopo, kopo halikumsaidia. Madereva wa malori wakaanza kusogea. Bi Pudensiana akamwuliza kama yeye mwenyewe anameza. Akasema kila asubuhi. "Vizuri," akasema Mama Simama, "hebu chuchumaa." Kijana wa watu akachuchumaa kwa madaha. "Sasa simama bila kushika meza." Hapo ndipo meza ilipoanguka. Dereva mmoja akapaza sauti, "Mathe, ongeza dozi!" Sirari ilicheka mpaka wabadilisha fedha wakakosea hesabu. Elia alihamisha meza yake wiki hiyohiyo. Nasema pia, kwa sababu wasifu lazima uwe wa haki, kwamba baadaye alikuja hapa hospitali na lile goti lake lililomwangushia meza, akapita katikati ya mihimili yangu kama wenzake, na Bi Pudensiana hakumtania hata kidogo. Nilimtania mimi kwa niaba ya wote.

Na Nashoni? Siku ya kwanza alisimama muda wa kupiga chafya. Alilia, akatukana fahali, akamtukana na Mama Simama, akaambiwa, "Tukana, lakini mguu mbele." Mama yake alikaa kwenye benchi akishika kanga mdomoni ili asimwambie alale. Polepole paja likaanza kujaa. Halikurudi lote. Bi Pudensiana alimwambia ukweli: pale pembe ilipoingia sana palishakuwa kovu, na kovu haliwi msuli, na muda aliolala hakuna mtu wa kumrudishia. Anachechemea na atachechemea. Lakini anatembea. Mwaka jana alipeleka mwenyewe ng'ombe mnadani, na fahali yule alikuwa miongoni mwao, wanatembea pamoja kama mashemeji waliopatanishwa.

Sasa ndugu zangu, hicho ndicho chumba kinachotakiwa kuwekwa vitanda vibovu. Nilimwendea Ndugu Zablon ofisini nikamwuliza, mtu akistaafu ndiyo mnafunga chumba? Mpishi akistaafu tutaacha kula? Akaniambia, "Mzee Mseti, suala la mrithi liko kwenye mchakato." Mimi mchakato siufahamu, sijawahi kuuona ukifika. Tarehe ya kustaafu ya Bi Pudensiana haikuanguka ghafla kama mvua ya mawe. Ilijulikana siku aliyoajiriwa, mwaka ambao Ndugu Zablon alikuwa bado anapanguswa kamasi. Bi Pudensiana mwenyewe aliomba abaki kwa kujitolea mpaka aje mwingine, akajibiwa taratibu haziruhusu. Mimi nilistaafishwa zamani, taratibu zikasahau kuniondoa, niko hapa napiga misumari. Kwa hiyo taratibu zinajua kusahau zikitaka!

Na kuna nesi wetu Goodness, ambaye amekaa pembeni mwa Mama Simama miaka kadhaa, anajua kumsimamisha mtu, anajua kumlaza akichoka, anajua lini aite daktari. Si mtaalamu kamili na hadai kuwa yeye ndiye. Lakini anaweza kukishikilia chumba mpaka mtaalamu aje. Alipojitolea kwa kazi hiyo, akaambiwa asubiri mchakato. Mle ndani sasa hivi kuna mama wa kiharusi aliyeanza juzi tu kunyanyua kikombe mwenyewe, na kijana wa machimbo ambaye kisigino chake kimegusa sakafu kwa mara ya kwanza. Warudi nyumbani wakalale karibu na moto? Tutawapelekea supu?

Jumanne wiki hii nilipewa amri ya kung'oa mihimili. Nilichukua nyundo na mtaimbo, maana amri ni amri, nikaenda polepole, maana miguu ni yangu. Nikamkuta Bernadetha, mama yake Nashoni, ameketi kizingitini na kigoda chake alichokitoa Kenyamonta. Nyuma yake wamekaa akina mama wengine, na nyuma yao wagonjwa wanaendelea na mazoezi na Goodness.

"Mzee Mseti, shikamoo," akasema. "Unapeleka wapi huo mtaimbo?"

"Marahaba. Nimetumwa kung'oa."

"Nani kakutuma?"

"Zablon."

"Basi mwambie huyo mtoto aje ang'oe kwa mkono wake. Mimi nilimlaza wangu mpaka akawa fito, kwa sababu niliogopa maneno ya watu. Sasa siogopi maneno. Sitoki."

Nikaweka mtaimbo chini, nikaukalia. Ndugu Zablon alipoona sirudi, akaja mwenyewe, suruali imenyooka, simu mkononi. Akawasalimu akina mama shikamoo, wakaitikia wote kwa pamoja kama kwaya, nzuri kuliko ya kwetu. Akasema wanazuia njia. Bernadetha akamwambia njia ipo, apite katikati ya mihimili kama wengine, ashike pande zote mbili. Akatazama mbao, akamtazama yule mama wa kiharusi, ambaye alikuwa ameinua kikombe na hakukishusha. Sijui aliona nini. Alisema, "Basi litarudishwa kwenye kikao." Kikao ni Jumatatu, tarehe hiyohiyo anayostaafu Bi Pudensiana. Kwa lugha yetu, amerudi nyuma hatua moja, na kwa mtu aliyekaa ofisini muda mrefu hatua moja ni mazoezi makubwa.

Mgeni rasmi, baada ya chakula tunakuomba usielekee moja kwa moja kwenye gari. Pita kwenye chumba. Kipo nyuma ya maabara, utasikia kelele. Ukikuta mtu anachechemea anakukaribisha, huyo ni Nashoni, na atakusimulia habari za nyati. Msikilize. Kisha kaa kwenye kikao cha Jumatatu ukiwa umeona kwa macho yako.

Bi Pudensiana, dada yetu, tumekuchosha, umetukera, tunakushukuru. Ulitukuta tunawapenda watu wetu kwa kuwalaza, umetuachia watu wanaokwenda shambani kwa miguu yao. Rudi Karagwe ukale ndizi zako, ulime kidogo kila siku, upigane na majirani zako upendavyo. Tunakuombea afya, uzee usio na fimbo, na kwaya inayokuvumilia. Habari za kikao Nashoni atakupigia simu. Akikuambia tumeshindwa, usipande basi kuja kutupigania, zamu yako umeimaliza. Lakini Bernadetha ameshatuma watu wakamletee godoro, na mtaimbo ninao mimi.